Kwenda Msituni Mikono Mitupu

Kwa.

Sauti moja tu, fupi, kavu: tawi likivunjwa juu ya goti. Caritas alikuwa na miaka hamsini na minne, akiishi Buffalo katika nyumba ya mbao yenye gesi na maji ya moto, na bado sauti hiyo ilimrudia kila mtu alipobamiza mlango wa friji. Ilikuwa sauti ya hatari. Kule kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu, walinzi wa msitu waliitambua kuliko walivyotambua sauti za wake zao. Kwa hiyo wanawake walijifunza kulizungushia tawi kitenge kabla ya kulivunja, ili lilie kama mtu anayekohoa kanisani.

Alikimbia Burundi akiwa msichana. Akahamishwa kambi hadi kambi, akazaa mtoto mmoja, akazika mume mmoja, na mwaka 2008 ndege ikamshusha Buffalo. Kote huko alikuwa akibeba kitu: maji, kuni, mtoto, mgonjwa, gunia la mahindi ya msaada. Marekani alipata kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, na huko akabeba mashuka. Goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kulalamika. Kila asubuhi, akishuka ngazi kwenda kupanda basi, alilijibu kwamba hata yeye amechoka, lakini nani atamsikiliza.

Ndipo akatokea Reginaldi.

Aliletwa na Angelika, binti yake, aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Columbus. Angelika alikutana naye kwenye harusi ya Warundi wenzao. Reginaldi alikuwa ametoka Louisville, mgane wa miaka sitini, mpakiaji wa vifurushi kwenye ghala. Kilichomvutia Angelika ni kwamba baada ya kula, mzee huyo aliinuka na sahani yake akaipeleka jikoni mwenyewe, mbele ya wanaume wenzake, wala hakuna aliyemtuma. Angelika akampa namba ya mama yake kabla ya keki kukatwa.

Kwa miezi minane Reginaldi alipiga simu Jumatano kabla ya shifti na Jumapili baada ya ibada. Sauti yake ilikuwa nzito, tulivu, isiyo na haraka, na jambo hilo lilimtia Caritas wasiwasi mkubwa. Alijaribu kumtega. Alimuuliza anapika nini, akajibu maharage. Alimuuliza maharage anayaweka chumvi lini. Akajibu mwishoni, yakishalainika. Jibu lilikuwa sahihi, na Caritas alikata simu akiwa amekasirika kidogo.

Jirani yake wa ghorofa ya juu, Kavugho, Mkongomani wa Butembo, alimwonya asidanganyike.

"Donc, Mama Angelika," alisema, "mwanaume wa mu telefone hana kilo. Kilo yake utaiona siku ataingia mu nyumba."

Hapo ndipo penyewe. Caritas hakuogopa kuolewa, aliogopa kubeba tena. Alikuwa amewaona wajane wenzake wakiolewa uzeeni, na baada ya mwaka mmoja wako palepale, wamesimama jikoni, sasa wakiwa na mtu mzima sebuleni anayeuliza chakula kiko wapi. Tena Reginaldi alitaka ahamie Louisville, aache kazi, kanisa, na hata Kavugho. Mwezi wa Septemba alimwomba waziwazi wafunge ndoa. Caritas akajibu, "Tutaona." Akamwomba mara ya pili, tutaona. Mara ya tatu Reginaldi akasema kwamba atakuja Buffalo mwenyewe katikati ya Oktoba. Jumatatu yake ana shifti. Kama hadi Jumapili, ibada itakapokwisha, hatakuwa amepata neno, basi kimya hicho kitakuwa ndilo neno, na hatamsumbua tena. Alisema hivyo kwa heshima, ndiyo maana iliuma.

Alifika Ijumaa kwa gari la Angelika, amevaa suti ya kahawia, tai nyekundu, na viatu vyenye ncha kama mdomo wa bata. Alikuwa amebeba kreti tatu za Fanta, alizozipandisha basi kutoka Louisville hadi Columbus, kwa sababu mwanamume haendi ukweni bila vinywaji, hata kama duka liko mkabala na nyumba ya mwenyeji. Alipozishusha, Caritas alichungulia dirishani kuona kama ataziacha mlangoni. Alizipandisha hadi jikoni. Lakini hiyo ilikuwa siku ya kwanza, na siku ya kwanza hata fisi hula kwa kijiko.

Kuzungumza nyumbani hakukuwezekana. Wazee wa kanisa walikuja kumsalimu mgeni na wakakaa hadi Fanta ya kreti ya kwanza ilipokwisha. Kavugho alishuka mara nne kuomba chumvi, na mara ya nne alisahau kuja na kikombe. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, wakinywa chai, Angelika alitoa wazo. Kazini kwake, alisema, wazee wakizidiwa na mawazo hupelekwa kutembea msituni. Kuna msitu mdogo nusu saa kutoka mjini. Awapeleke wakatembee, wawili tu, wazungumze.

"Kutembea kwenda wapi?" Caritas aliuliza.

"Si kwenda mahali, mama. Mnatembea, halafu mnarudi."

"Tunarudi na nini?"

"Bila kitu."

Caritas alimtazama Reginaldi, na kwa mara ya kwanza tangu afike wakaelewana bila kusema neno: mtoto huyu amekaa Columbus muda mrefu.

Msitu wenyewe ulikuwa umeachwa na mkulima mmoja aliyekufa bila warithi, akataka usikatwe. Ulikuwa mdogo hata ukisimama katikati unasikia ng'ombe upande huu na malori upande ule. Lakini ulikuwa na miti ya kila namna, kama kanisa lao la mtaa wa West Side lenye makabila saba: miti ya majani sindano, miti ya majani mapana, mingine imegeuka rangi ya embe bivu, mingine ya damu, mingine bado mibichi kana kwamba haijapata habari. Langoni palikuwa na ubao wenye picha ndogo zilizokatwa kwa mstari mwekundu. Walizisoma kwa makini, maana wote wawili waliishi maisha marefu chini ya mbao za makatazo. Moto, hapana. Baiskeli, hapana. Kuchuma maua, hapana. Chini ya picha palikuwa na maneno mengi ya Kiingereza, nayo waliyaacha yajisomee.

Angelika alibaki garini na simu yake. Wao wakaingia.

Walitembea kama watu waliotumwa dukani wakasahau walichotumwa. Reginaldi aliweka mikono mgongoni, akaitoa, akaitia mifukoni. Caritas aliikunja kifuani. Hakuna aliyewahi kuingia msituni na mikono isiyo na panga, kamba wala kikapu, na mikono ilijiona imeachishwa kazi. Walikutana na Wazungu wawili, mume na mke, wenye fimbo na mbwa, wakitoka pasipo na kitu, wakitabasamu.

"Wamepotea?" Caritas aliuliza walipokwisha kupita.

"Hapana. Wanatembea."

"Maskini."

Reginaldi alicheka, na kicheko chake kilikuwa kizuri kuliko cha kwenye simu. Ilikuwa saa ya kusema jambo la maana. Akajikohoza, akaanza kueleza nyumba yake ya Louisville, vyumba viwili, uani pana pa kutosha kupanda mboga za lengalenga. Caritas alimsikiliza kwa sikio moja. Macho yake yalikuwa chini.

Maana kuni zilikuwa zimelala kila mahali. Si vijiti, kuni hasa: matawi manene kama mkono, yamekauka bila gome, yamelala juu ya majani kama watu wasio na wasiwasi. Kule kambini mwanamke alitembea tangu jogoo la kwanza hadi jua la utosi kwa mzigo ambao hapa ungepatikana bila hata kuhama. Na zilikuwa zinaoza. Moyo wake uliumia kama wa mtu aliyeona mkate umetupwa. Nyumbani alikuwa na jiko la gesi, ndiyo, lakini uani, nyuma ya pipa la taka, alikuwa na mafiga yake matatu, na kila Jumamosi alipika maharage hapo, kwa sababu maharage ya gesi huiva bila kujua yameiva.

Aliinama akaokota tawi moja, la kushika tu mkononi. Halafu la pili, ili la kwanza lisiwe peke yake. Lilipofika la tano Reginaldi akaacha habari za Louisville.

"Mama Angelika," alisema, "kwenye ubao hapakuwa na picha ya kuni."

"Niliona."

"Nilitazama mara mbili."

Basi ikawa kazi, na kazi iliwalegeza ndimi. Kwa nusu saa walizungumza kuliko miezi yote minane, wakitupiana majina ya miti ya Kasulu, maana hata Reginaldi aliishi kambi za huko, wakibishana kama mninga au mkurungu ndio hutoa makaa yasiyokufa haraka. Caritas alichagua, Reginaldi akapunguza matawi kwa kuyakanyaga. Kamba haikuwepo, kwa hiyo Reginaldi akavua tai yake nyekundu, akaitazama mara moja kama mtu anayemuaga ndugu, akaufunga nayo mzigo wa Caritas; wake, mdogo, akaukumbatia. Caritas alivua kilemba, akakisokota kuwa ngata, akainama, akaupandisha mzigo kichwani. Shingo yake ilikumbuka yenyewe. Kwa miaka saba haikuwa imebeba kitu isipokuwa kofia.

Sauti ikasema halo.

Alikuwa mzee wa Kizungu, mrefu, mwembamba, mwenye kizibao cha rangi ya chungwa na kitambulisho kifuani. Alikuwa mbali bado, kati ya miti, mkono ameuinua. Hakuwa na bunduki wala fimbo wala mbwa. Lakini kizibao kilikuwa kizibao, na kitambulisho kilikuwa kitambulisho, na miguu ya Caritas haikusubiri maelezo. Alipiga hatua tatu, goti likagoma, akajitupa nyuma ya gogo kubwa pamoja na mzigo wake, uso kwenye majani.

Alipogeuza jicho alimwona Reginaldi akikimbia. Alikuwa amedondosha mzigo wake na anakwenda mbio kuelekea upande mwingine kabisa, koti la suti likipepea, viatu vya bata vikiteleza. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Basi, Caritas akajiambia. Hii ndiyo kilo yake.

Alishangaa jinsi ilivyomuuma. Alikuwa amejiandalia jibu la hapana kwa miezi minane, na sasa alipopewa sababu yake bure, hakuitaka. Alilala pale akinusa uyoga na udongo, akapanga atakavyomwambia Angelika, na atakavyonyamaza kesho kanisani hadi ibada ikwishe.

Ndipo akasikia kelele. Reginaldi alikuwa anaimba. Alikuwa anaimba pambio la Jumapili kwa sauti yote ya kifua chake, na katikati ya mistari alikuwa anavunja matawi, kwa, kwa, kwa, bila kitenge, bila aibu, kama tembo aliyeokoka. Sauti ilikwenda kushoto, ikashuka bondeni, ikatumbukia kwenye kitu chenye maji, ikaendelea kuimba. Mzee wa kizibao alisimama, akasikiliza kinywa wazi, kisha akaifuata. Alipita hatua kumi kutoka kwenye gogo la Caritas wala hakuangalia chini.

Caritas akaelewa.

Kule kambini wanawake hawakwenda kuni bila kengele. Kengele alikuwa mtu. Walimchagua mmoja mwenye miguu mizuri, asibebe kitu, na walinzi wakitokea yeye hukimbia upande mwingine akipiga kelele na kuvunja matawi, awavute, ili wenye mizigo watoroke kimyakimya. Jioni kila mmoja alimpa kengele vijiti vitatu. Caritas, kwa kuwa alikuwa mwembamba mwenye miguu mirefu, alikuwa kengele kwa miaka sita. Alikimbia kwa ajili ya wajawazito, wazee, waliougua malaria. Alishikwa mara nne. Katika maisha yake yote hakukumbuka hata siku moja ambayo yeye ndiye aliyelala na mzigo na mtu mwingine akakimbia.

Alicheka. Alijaribu kujizuia, ngata ikamwangukia puani, akacheka zaidi, machozi yakimtiririka hadi kwenye majani, na hakujua tena kama ni ya kicheko.

Baada ya robo saa walirudi, Reginaldi na mzee wa kizibao, wameshikana mkono kama maharusi. Caritas akainuka nyuma ya gogo. Reginaldi alikuwa na kiatu kimoja. Mguu wa pili ulikuwa soksi na matope hadi gotini, na majani mekundu yalikuwa yamemkaa kichwani. Angelika alikuja mbio kutoka garini, kwa kuwa pambio lilifika hadi barabarani, na ilimbidi atafsiri huku amejifunika uso kwa viganja.

Mzee huyo hakuwa mlinzi. Alikuwa mwalimu mstaafu anayejitolea kufagia njia za msitu, na alisema halo kwa sababu ndivyo watu husema. Alipomwona mtu wa suti akikimbia na kuimba, alidhani kwanza ni dubu anamfukuza, kisha akadhani labda Yesu amerudi. Alipoona mzigo uliofungwa kwa tai, aliuzunguka mara mbili kwa heshima. Alisema hajawahi kuona mzigo uliofungwa vizuri hivyo. Kisha akaeleza, kwa kusitasita, kwamba kwa bahati mbaya maneno ya kwenye ubao yanakataza pia kuni. Matawi huachwa yaoze. Ni ya wadudu, uyoga na ndege wanaogonga miti.

"Muulize," Caritas alimwambia Angelika, "hao wadudu walijaza fomu gani hadi wakapewa kuni bure."

Angelika hakutafsiri hilo. Lakini mzee aliomba kama wangeweza kuzirudisha pale chini, popote tu, wala hakuna haja ya kujisumbua.

Popote. Caritas alimwonea huruma. Mwokota kuni hasahau tawi alipolitoa. Alifungua mzigo, akaliweka kila moja mahali pake: hili chini ya mti wa gome jeupe, hili kwenye kitanda chake cha majani, ubavu ule ule juu. Reginaldi alichechemea nyuma yake akiwa amekumbatia matawi mengine, akimpa moja moja kama padri anayegawa ekaristi. Angelika na mwalimu walibaki njiani wakizungumza.

"Kwa nini ulikimbia?" Caritas aliuliza bila kumtazama.

"Ulikuwa na mzigo kichwani."

"Na wewe ulikuwa nao."

"Wangu ulikuwa mdogo."

"Mwanamume alijifunza wapi ukengele?"

Akamweleza, huku akitafuta kwa macho mahali pa tawi alilolishika. Marehemu mke wake alikuwa na pumu, hakuweza kukimbia hata kumfukuza kuku. Kwa hiyo alikwenda naye kuni, mwanamume peke yake kati ya wanawake thelathini, miaka minane. Wanaume wa bloku yao kambini walimpa jina, wakamwita Mama Reginaldi, na mpaka leo kuna mmoja Louisville anayemwita hivyo kanisani. Hakuwa na ubaya nao. Vijiti vitatu kwa kila mwanamke, wanawake thelathini. Nyumba yao haikuwahi kukosa moto.

Caritas alichukua tawi mikononi mwa Reginaldi, akaliweka kwenye tundu lake, akalifunika majani kidogo. Aliona kwamba soksi ya Reginaldi ilikuwa imetoboka na kidole gumba kimetoka, kimekuwa chekundu kwa baridi. Hakulalamika. Hakudai shukrani. Hata ombi lake la ndoa hakulirudia, ingawa hapakuwa na Kavugho, wala wazee, wala chumvi ya kuazima, na msitu wote ulikuwa umenyamaza kama uliokodiwa kwa ajili hiyo.

Yalibaki matawi mawili. Reginaldi alimpa moja, akabaki na la mwisho.

"Kesho si mbali," alisema. "Naweza kusubiri hadi kesho."

Caritas alijiinua kwa kushika bega lake, kwa sababu goti lilikataa, na bega halikuyumba. Aliangalia njiani, Angelika alikuwa amemsogezea mwalimu simu, anamwonyesha picha. Hakuna aliyekuwa akiwatazama. Akainama karibu na sikio la Reginaldi, akasema kwa sauti ambayo hata jani isingelitikisa:

"Ukija kuhamia huku, njoo na koti zito. Huko Louisville hamjui baridi."